Kazi ya Kuzomewa

Kabla sijaanza kulipwa ili nizomewe, nilikuwa mwimbaji. Sikuwa wa kujaza viwanja, lakini kuanzia Kericho hadi Bomet hapakuwa na harusi ya maana ambayo haikupiga wimbo wangu mmoja, ule wa msichana anayechuna majani chai huku akimfikiria fundi wa pikipiki. Niliuimba kwa Kipsigis, binamu yangu akipiga kibodi, na video yake tukairekodi katikati ya majani chai ya Mama. Nilikuwa nimevaa viatu virefu ambavyo vilizama kwenye udongo kila nilipojaribu kucheza, kwa hiyo ukiitazama vizuri ile video utaona nacheza mabega tu. Watu waliupenda wimbo hivyo hivyo. Mama aliuweka kwenye simu yake uwe unalia akipigiwa, na ulipolia kanisani hakuwa na haraka ya kuuzima.

Kisha sauti ikaniacha. Ulikuwa msimu wa harusi za Desemba, naimba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, nje kwenye baridi yetu ambayo haijali kwamba umevaa gauni la mikono mifupi. Koo likaanza kukwaruza. Badala ya kupumzika nilikunywa tangawizi na kuendelea, hadi asubuhi moja nilipofungua mdomo kumsalimia Mama na pakatoka hewa tu. Daktari wa koo alinimulika kwa kamera ndogo, akaniambia kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti, akaniamuru ninyamaze. Kunong'ona pia marufuku.

Nikarudi nyumbani kwa Mama, karibu na Kapkatet. Tulizungumza kwa mikono, kama watu wawili wanaomwelekeza dereva wa lori kurudi nyuma. Mama mwenyewe si mtu wa maneno mengi. Tangu Baba afariki, ndiye anayechuna majani, anayekamua, anayelipa fundi wa ua, na ni mmoja wa wazee wa kanisa. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ile ng'ombe watatu wa jirani walipoingia kwenye mahindi yake. Aliwatoa mmoja mmoja akiwaambia polepole, "Twende, twende sasa." Kwa hiyo kwa miezi kadhaa ile nyumba ilikuwa na kuku tu wa kupiga kelele.

Vinundu viliisha, lakini sauti iliyorudi haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama debe tupu linaloburutwa kwenye saruji. Sehemu ya juu ya wimbo wangu nilikuwa siifikii kabisa. Binamu alijaribu kuushusha, nikauimba, tukatazamana. Nilisikika kama mjomba wetu akiwa na homa. Binamu akapata mwimbaji mwingine, bila ubaya wowote, na mimi nikafungua kibanda cha nguo za watoto pale sokoni Kapkatet. Wateja walikuwa wakiniuliza, "Si wewe ni ule msichana wa fundi wa pikipiki?" Nikijibu ndiyo, sauti yangu iliwashtua hadi wakanunua soksi bila kuomba nipunguze.

Hapo ndipo Mwalimu aliponipigia simu. Alikuwa amestaafu kufundisha michezo, na badala ya kukaa nyumbani kama wenzake akaanzisha kikundi cha mieleka ya burudani, ile ya kwenye televisheni: mavazi ya kumetameta, majina ya kutisha, mtu anamrukia mwenzake kutoka juu ya kamba. Wanamieleka wake walikuwa watu wa kawaida wenye kazi zao, wakifanya mazoezi kwenye magodoro ya zamani ndani ya ghala la mahindi. Alitaka niimbe kati ya pambano na pambano.

"Mwalimu, sauti imeenda," nikamwambia.

"Nasikia," akasema. "Lakini watu wanataka tu kukuona. Simama hapo, ucheze kidogo, CD itaimba."

Shoo ilikuwa Kericho, alasiri, uwanjani, na ulingo ulikuwa umefungwa kwa kamba za buluu. Shoo zetu zote huwa alasiri, kwa sababu jioni watu wanataka kwenda kukamua. Nilipanda, muziki ukaanza, na kweli CD ikaimba. Lakini katikati ya wimbo ile mashine ikakwama, na mimi kwa mazoea nikafungua mdomo kujaza pengo. Uwanja mzima ulisikia lile debe likiburutwa kwenye saruji.

Mwanamume mmoja mwenye koti la mvua la manjano akasimama mbele kabisa, akapaza sauti: "Huyu ni nani? Tuletee yule wa kwenye video!"

Watu wakacheka. Ningeweza kushuka nikalie nyuma ya gari, na nadhani mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kushuka. Lakini nilikuwa nimenyamaza miezi mingi sana. Nikanyanyua maiki nikamwambia, "Wewe mzee wa koti ya manjano! Ulitumwa sukuma wiki tangu asubuhi. Ugali inapoa huko nyumbani, na wewe uko hapa unakagua sauti za watu!"

Sikujua sauti yangu mpya ikipita kwenye spika inakuwa hivyo. Ilitoka kubwa, yenye kutu, ikajaza uwanja hadi kule kwenye miti. Watu wakalipuka, nusu wakicheka, nusu wakinizomea kwa niaba ya mwenzao. Mwenye koti mwenyewe aliinua kichwa juu akinizomea kwa mikono miwili mdomoni, na uso wake ulikuwa na furaha kama ya mtu aliyepewa zawadi.

Baadaye Mwalimu alinifuata nyuma ya gari. Nilijua anakuja kunipa pole.

"Wewe msichana," akasema, "hiyo sauti usiitibu tena."

"Mwalimu, nimeharibu shoo yako."

"Umeharibu nini? Umesikia vile wamekuzomea? Kwa mieleka kuna staring wa kushangiliwa na kuna adui wa kuzomewa. Staring wangu wanampenda, hiyo sina shida. Shida ni adui. Ni mkubwa kama mlango wa ghala, na hakuna mtu anamzomea. Wanamwonea huruma! Nataka wewe uwe meneja wake. Umwongelee. Uudhi watu."

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Na ule mchezo wa Krismasi kanisani kwenu, Herode anaigizwa na nani? Si mtu wa kanisa?"

Herode wetu wa mwisho alikuwa mweka hazina wa kanisa, na aliigiza vizuri hivi kwamba watoto walikataa kumpa mkono mpaka Pasaka.

Huyo adui niliyekabidhiwa alikuwa muuza nyama kutoka Soin. Kifua chake kilikuwa kipana, shingo hakuna, na ndevu alizifuga makusudi za kutisha. Lakini alikuwa mwenye haya kuliko bibi harusi. Kila alipomwinua mtu na kumbwaga, alimwinamia kumwuliza kama ameumia, na watazamaji walimwona. Akipewa maiki alisema "Asanteni kwa kuja" na kuirudisha. Tuliposalimiana mara ya kwanza ghalani alinishika mkono kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai.

"Dada, mimi nitakuwa nafanya tu vile umesema," akaniambia. "Kuongea ndio siwezi."

Staring alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, naye akazaliwa huku huku kwenye nyumba za wafanyakazi, na Kipsigis anakizungumza kuliko binamu yangu. Alikuwa mwembamba, mwepesi, anaruka kama amefungwa springi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuanguka: kidevu kifuani, pumzi nje, mkono upige godoro kabla ya mgongo. Wiki ile ya kwanza sikuweza kuinua mkono kutundika nguo kibandani. "Mshindi tunajua tangu asubuhi," alikuwa akisema huku akininyanyua. "Uchungu ndio hatujui."

Mwalimu alinipa gauni jekundu, miwani ya jua ya kuvaa hata kukinyesha, na mkoba mkubwa uliojazwa sponji wa kumpigia staring refa akiangalia kando. Jina langu likawa Madam, basi. Akanipa pia masharti ambayo hakuyarudia mara mbili. "Hakuna kutaja kabila ya mtu. Hakuna siasa. Hakuna mwili wa mtu. Hapa kwetu tumeona mambo. Watu waende nyumbani wakiwa marafiki. Hiyo ingine yote ni yako."

Hiyo nyingine yote ilinitatiza. Kwenye shoo zangu za mwanzo niliwaambia watu ni washamba, ni wajinga, na wakanyamaza. Kilikuwa kimya kibaya. Mama mmoja aliyebeba mtoto alinitazama kana kwamba nimemtukana yeye peke yake, akaondoka, na nilikosa usingizi kwa sababu yake. Nikamwambia Mwalimu naacha.

Aliyenisaidia ni muuza nyama, ambaye hasemi. Tulikuwa tukinywa chai ghalani, nikasema ile chai ilikuwa nyepesi, unaweza kuona chini ya kikombe. Aliyeipika ni fundi wa mitambo. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. Aliweka kikombe chini, akasimama, akaanza kunieleza anavyochemsha, majani yametoka wapi, maziwa ya ng'ombe gani, mikono ikienda huku na huku, na wote wakawa wanacheka. Muuza nyama akanigusa bega. "Dada," akasema polepole, "hiyo. Waambie hiyo."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Kericho tena. Nilipanda na kikombe, nikanywa tone, nikalitema. "Kericho!" nikasema. "Mmezungukwa na majani chai mpaka mlangoni, na hamjui kupika chai! Hii ni nini? Hii ni maji mliyooshea sufuria!"

Nilidhani uwanja unaanguka. Watu walisimama wote. Wazee walinitikisia kofia. Mwanamke mmoja alikuja hadi kwenye kamba na chupa yake ya chai mkononi, akilia, "Onja hii! Kuja uonje hii kama wewe ni mwanaume!" na alipogundua alichosema alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi. Walinizomea mpaka sauti zikawakauka. Kwa mara ya kwanza nilielewa ninachofanya. Kila mtu pale alijua ninasema uongo, na alikuwa na hakika na chai yake, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Soin, kule chini kwenye joto, niliwaambia wanapika kwa majani ambayo sisi wa huku juu tumeshayamwaga. Walinirushia mabua ya miwa. Muuza nyama, ambaye pale ni kwao, alizomewa na mama mkwe wake, na kutoka siku hiyo akaanza kutembea ulingoni kama adui kweli.

Maisha ya kawaida yakawa na mambo yake. Muuza nyanya sokoni aliniambia, "Madam, kwangu hakuna nyanya," akaninyima kwa uso mkavu mpaka nikaanza kuondoka, kisha akaniita na kuniongezea mbili. Watoto walikuja kibandani kunizomea kidogo kabla ya kupimwa sare. Mchungaji alinisimamisha baada ya ibada, nikajua leo ni leo, kumbe alitaka kujua kama yule fundi wa mitambo huumia anaporuka kutoka juu.

Mama peke yake ndiye hakusema chochote. Hakuuliza, hakunikataza. Jumamosi nikitoka na begi langu alikuwa akisema, "Nenda salama," kama nilivyokuwa nikienda kuimba harusini. Hilo ndilo lililonisumbua. Nilipokuwa mwimbaji aliketi mbele kila mara, mikono kwenye mapaja, watu wakimnong'onea kwamba huyo ni binti yake. Sasa nilikuwa nalipwa ili watu wanichukie, na niliogopa wanachomwambia kule kituo cha majani, wanawake wamekaa juu ya magunia wakisubiri lori.

Halafu Mwalimu akatangaza shoo ya Kapkatet. Nilimwomba aniache nje siku hiyo.

"Bango limeshabandikwa pale kwa kinu cha unga," akasema. "Uso wako ndio mkubwa kuliko zote. Na pambano liko na sharti: adui akishindwa, Madam atakunywa kikombe kizima cha chai ya Kapkatet mbele ya watu, na aseme ni tamu. Watu wanauliza kama itakuwa kweli."

Jioni ile nilimkuta Mama akisafisha ndoo za maziwa. Nikazunguka zunguka, kisha nikasema kwamba Jumamosi tutakuwa hapa karibu.

"Nimeona bango," akasema.

"Si lazima uje, Mama. Kutakuwa na kelele."

Akamimina maji, akaigeuza ndoo ikauke. "Nimeshaongea na jirani," akasema. "Atanikamulia."

Jumamosi ilikuja na jua. Niliposimama nyuma ya pazia na gauni langu jekundu nilichungulia, na pale mbele, kwenye benchi la kwanza, alikuwa Mama. Alivaa suti yake ya kanisa ya rangi ya zambarau, kilemba, chupa ya chai kwenye magoti, na pembeni yake wanawake wote wa kituo cha majani. Alikuwa amekaa vilevile kama harusini, mgongo wima.

Muziki wangu ulipigwa, muuza nyama akatangulia, mimi nikafuata. Watu wa kwetu walianza kunizomea kabla sijafika kwenye kamba. Nikapanda, nikapewa maiki, nikamtazama Mama, na maneno yote yakanipotea. Nilikuwa nimeandaa mambo ya maziwa yao, mambo makali, na yote yalikuwa maziwa ya mama yangu.

"Chamgei," nikasema. Hamjambo.

"Chamgei mising," wakajibu, kwa adabu, wakashangaa. Zomeazomea ikakatika.

"Nawasalimu," nikasema. "Nafurahi kuwa nyumbani."

Uwanja ukatulia kabisa. Niliwaona watu wakitazamana kama waliokuja karamuni wakakuta hakujapikwa. Muuza nyama alinisogelea akanong'ona bila kufungua mdomo, "Dada, sema kitu."

Ndipo Mama aliposimama. Nilidhani anakwenda nyumbani. Alimpa mwanamke aliyekaa naye chupa ya chai ashike, akanyoosha sketi yake, na kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, akasema, "Ni hiyo tu?"

Watu wakageuka.

"Nimeacha ng'ombe kwa jirani nije kusalimiwa? Salamu si ninapata nyumbani bure! Wengine walitukanwa Kericho, wakatukanwa Soin, sisi ndio hatufai?"

Kapkatet nzima ilipiga kelele. Wanawake wa kituo walipiga mapaja wakicheka. Mama akaendelea kusimama, mikono kiunoni, akinisubiri, na nikaona macho yake yanacheza. Nikavaa miwani yangu.

"Wewe mama wa suti ya zambarau!" nikasema kwa lile debe langu lote. "Kaa chini! Nilitaka kuwahurumia, lakini mmeitafuta. Kapkatet! Maziwa yenu mnapeleka dairi usiku kwa sababu mchana inaonekana vile ni nyepesi! Juzi ilimwagika barabarani, paka akaja, akaangalia, akaenda kutafuta maji!"

Mama yangu alipanda juu ya benchi. Mzee wa kanisa, na viatu vyake vya Jumapili, alipanda juu ya benchi, akakusanya mikono mdomoni, akanizomea. Alinizomea kuliko watu wote. Alivua kilemba akakizungusha hewani, nywele zake za mvi nje, na akina mama wale wengine nao wakapanda, benchi likayumba, na Mwalimu pale kando alikuwa akifuta machozi kwa tai yake. Ilinibidi nigeuke niwape mgongo, nijifanye natukana upande wa pili, kwa sababu adui hawezi kuonekana akicheka.

Pambano lenyewe silikumbuki lote. Nakumbuka nilimpiga fundi wa mitambo kwa mkoba, na Mama akamwita refa kipofu. Nakumbuka muuza nyama akimwinua fundi juu ya kichwa na watu wakishika midomo. Mwishoni fundi alipanda kamba ya juu, akaruka, wakaanguka pamoja kwa kishindo, na wakati wa kishindo hicho kikombe cha chai kilichokuwa kimewekwa tayari pembeni mwa ulingo kikapinduka na kumwagika chote. Refa akapiga sakafu mara tatu. Adui alikuwa ameshindwa, na mimi nikaanza kunyemelea pazia.

"Madam, rudi!" Mwalimu akasema kwenye maiki yake. "Kuna chai unadaiwa!"

"Chai gani?" nikasema. "Imemwagika. Hata yenyewe imeona aibu."

Hilo sikulipanga, na wala sikupanga kilichofuata. Mama alishuka kwenye benchi, akachukua chupa yake, akaja hadi kwenye kamba. Fundi wa mitambo akampokea kwa heshima, akamshikia kamba wazi kama mlango wa gari. Na mama yangu akaingia ulingoni, akatazama pale chini kama mtu anayekagua kama pamefagiwa, akafungua chupa na kumimina kwenye kikombe kile kile. Mvuke ulipanda. Ilikuwa chai yake ileile ninayoijua, nyekundu kidogo, ya maziwa mengi, yenye harufu ya moshi.

"Kunywa," akasema.

Nikakunja uso, nikaziba pua, nikazunguka ulingo mzima nikimwomba muuza nyama aninywee. Akakataa kwa kichwa. Naye siku hiyo aliigiza vizuri. Nikanywa.

"Sema!" wakapiga kelele.

"Si mbaya," nikasema.

"Sema!"

Nikamtazama Mama. Alikuwa amekaza midomo, mabega yakitetemeka.

"Ni tamu," nikasema. "Ni tamu sana."

Watu walishangilia kana kwamba wameshinda vita. Nilianguka kwa magoti kama mtu aliyepigwa, na hilo lilinifaa, kwa sababu machozi yalikuwa yakinitoka chini ya miwani.

Tulirudi nyumbani tukitembea, mimi na begi langu, yeye na chupa tupu, kwenye kijia kinachopita katikati ya majani chai. Alicheka njia nzima. Alisimama mara mbili kushika ubavu.

"Mama, sikujua unaweza kupiga kelele hivyo," nikasema.

"Hata mimi." Akafikiri kidogo. "Nikiwa msichana nilikuwa nachunga ng'ombe kule chini, naita mpaka wanarudi peke yao. Halafu nikaolewa. Halafu nikawa mjane. Halafu mzee wa kanisa. Hakuna mtu alinikataza, ni vile hakukuwa na mahali." Tukatembea. "Wakati ulikuwa unaimba nilikuwa nakuja, nakaa vizuri. Nilikuwa naogopa hata kukohoa, wasiseme mama ya mwimbaji hana adabu. Leo nimefurahi, wewe msichana. Nimefurahi sana."

Nilimwambia nilikuwa nikiogopa ananionea aibu.

"Aibu ya nini? Nilikuwa nasubiri mje karibu. Kericho ni mbali na mimi niko na ng'ombe." Kisha akabadilisha sauti, ikawa ya mtu anayeongea mambo ya kazi. "Hiyo ya paka ilikuwa nzuri. Hiyo ya dairi, hapana. Watu hawapeleki maziwa usiku, ungesema alfajiri. Na mkienda Bomet, usiwaguse chai. Wale waambie juu ya viazi."

Alikuwa sahihi kuhusu viazi. Nimekuwa nikimwuliza kabla ya kila shoo tangu wakati huo, na ananijibu akiwa anachuna majani, bila kuinua kichwa, vidole vikienda. Mwalimu alimtaka awe anapanda ulingoni kila mara. Akakataa, akasema hiyo ya Kapkatet ilitosha na kwamba raha yake iko kwenye benchi.

Bomet alikuja na wanawake wa kituo, wamekodi gari. Mama ya fundi wa mitambo naye alikuwa amekuja kutoka kule kwenye nyumba za wafanyakazi kumwona mwanawe, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu wakakaa benchi moja, mmoja akizomea na mwingine akishangilia. Mimi nilikuwa nikimpiga mtoto wa yule kwa mkoba, na yule alikuwa akimwegemea mama yangu kwa kucheka. Kufikia mwisho walikuwa wameshapeana namba za simu.

Wiki iliyopita mama ya fundi alimwalika Mama kwake. Alipika samaki, mzima, na kichwa chake. Mama yangu amekula nyama, mboga na mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, maisha yake yote, na samaki alikuwa hajawahi kumgusa. Alirudi jioni akiwa amebeba fungu la ndizi alizopewa, akakaa jikoni akavua viatu.

"Ulikula?" nikamwuliza.

"Nilikula."

"Samaki mzima?"

"Mkia," akasema. "Ule una mifupa michache. Lakini mchuzi nilimaliza, na nimemwambia Jumapili waje hapa, yeye na yule kijana wake anayeruka. Utafute jogoo."